Kucheza gofu peke yako kwenye uwanja wa jamii: haki zako, na kazi ambazo hakuna mwingine wa kuzifanya

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba karibu na anapoishi kuna uwanja mdogo wa gofu wa mashimo 9 unaomilikiwa na wakazi wenyewe. Siku nyingi za wiki hapana karani wala msimamizi. Kuna sanduku la kutilia ada, daftari la kujiandikisha, na kondoo wanaolisha kandokando ya grini (sehemu za nyasi fupi zenye shimo na kibendera) zilizozungushiwa uzio. Anauliza kama ni halali kucheza pale peke yake, ana haki gani akikutana na kundi la wachezaji, afanye nini mifugo na uzio vinapoingilia mchezo wake, na kama matokeo anayoyapata bila mwenzake yanaweza kuingizwa katika handikapu yake, yaani namba inayoonyesha kiwango chake cha uchezaji.

Kwanza nimwondolee wasiwasi wa msingi. Hakuna kanuni ya gofu inayomkataza mtu kucheza peke yake, na viwanja vingi vya vijijini vinawategemea wachezaji wa namna hii, hasa siku za katikati ya wiki ambapo ni vigumu kuwapata watu wanne wenye nafasi kwa wakati mmoja. Hata hivyo, kuruhusiwa kucheza ni jambo moja na kuufaa uwanja ni jambo jingine. Katika uwanja wa biashara kuna karani wa kupokea ada, msimamizi wa kupanga zamu, na wafanyakazi wanaopita alfajiri kurekebisha yaliyoharibiwa jana yake. Na mtu akicheza na wenzake watatu, wenzake humsaidia kuufuata mpira kwa macho, kuhesabu mikwaju na kukumbuka kusawazisha mchanga kwa reki. Anayecheza peke yake kwenye uwanja wa jamii hana hata mmoja kati ya hao, kwa hiyo kazi zote hizo ni zake.

Umiliki wa umma si jambo geni katika gofu, wala si dalili ya uduni. Old Course ya St Andrews huko Scotland, inayoheshimiwa kuliko karibu viwanja vyote duniani, si mali ya klabu yoyote. Ni ardhi ya umma ambayo uendeshaji wake umekabidhiwa amana iliyoundwa kwa sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1974. Mfano unaokaribiana zaidi na uwanja wa msomaji wetu ni Askernish, katika kisiwa cha South Uist huko Scotland, ambako Old Tom Morris, mchezaji na mchoraji viwanja maarufu, alichora mashimo mwaka 1891, sehemu kubwa ya mashimo hayo ikaja kupotea katika malisho na vilima vya mchanga, kisha yakafufuliwa na kufunguliwa tena mwaka 2008. Ardhi yenyewe iko mikononi mwa kampuni ya wakazi tangu mwaka 2006, na wakulima wadogo wa hapo wana haki ya kulisha mifugo yao juu yake. Wala mashimo 9 hayapaswi kumwonea mtu haya: shindano la kwanza la Open, lile shindano kuu la gofu la Uingereza, mwaka 1860, lilichezwa Prestwick kwenye uwanja wa mashimo 12, ambayo washindani waliyazunguka mara tatu kwa siku moja.

Sasa niseme juu ya sanduku la ada. Uwanja wa namna hii hauna mwenye hisa anayesubiri gawio, kwa hiyo kila kinachotiwa kwenye sanduku huenda moja kwa moja kwenye mafuta ya mashine, kunoa visu vya kukatia nyasi, mbegu, mbolea na matengenezo ya pampu ya maji. Kazi ya mikono yenyewe hufanywa kwa kiasi kikubwa na watu wa kujitolea. Lipa ada kamili kabla ya kupiga mkwaju wa kwanza, hata kama unakusudia kucheza mashimo manne tu, isipokuwa kamati imeweka kiwango tofauti kwa mchezo mfupi. Kisha andika jina lako katika daftari, pamoja na saa uliyoanza. Watu wengi hulichukulia daftari hilo kuwa la kuthibitisha malipo tu, lakini faida zake ni zaidi ya hiyo: kamati inapoomba msaada kwenye halmashauri au kwa wafadhili, kitu cha kwanza inachoulizwa ni idadi ya watu wanaoutumia uwanja, na mchezaji asiyejiandikisha ni mchezaji ambaye hayumo katika hesabu hiyo. Tena, usiku ukiingia na gari lako bado lipo, daftari ndilo litakalomwambia mtu kwamba uko uwanjani na hujarudi.

Kuhusu haki mbele ya makundi, kuna historia inayofaa kujulikana, kwa sababu bado utakutana na wachezaji wa zamani wanaoikumbuka. Kwa miaka mingi, sehemu ya adabu katika kitabu cha sheria ilieleza kwamba mchezaji wa peke yake hana hadhi uwanjani na anapaswa kuupisha mchezo wa aina yoyote. Toleo la mwaka 2004 lilibadilisha jambo hilo: kipaumbele kikawa kinatokana na kasi ya kundi, na ikaelezwa wazi kwamba neno kundi linamjumuisha hata mchezaji mmoja. Sheria za sasa, zilizoandikwa upya mwaka 2019 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2023, zinahimiza wanaokwenda polepole wawapishe wenye kasi. Hata hivyo, kamati ya uwanja ina mamlaka ya kujiwekea utaratibu wake, na baadhi ya viwanja vimebaki na desturi ya zamani, kwa hiyo soma tangazo lililobandikwa penye sanduku kabla ya kudai chochote.

Hata pale ambapo haki hiyo ipo, itumie kwa busara. Mtu mmoja anayetembea kwa miguu humaliza mashimo 18 kwa muda wa saa mbili na nusu hadi tatu, wakati watu wanne huhitaji saa nne au zaidi, kwa hiyo utawafikia tu. Ukiwakuta wanne ambao mbele yao hakuna mtu, simama mahali wanapoweza kukuona, usiwapigie mpira karibu ili kuwaharakisha, na wakikupisha pita upesi na uwashukuru. Ikiwa mbele yao kuna kundi jingine, na mbele ya hilo jingine tena, kuomba kupishwa hakukuletei faida yoyote na kunamharibia kila mtu mchezo wake. Hapo ni bora kuomba kujiunga nao, au kuhamia shimo lililo tupu baada ya kuhakikisha kwamba hakuna anayelielekea. Mwenye mashine ya kukatia nyasi, kwa upande wake, ana haki iliyo juu ya wachezaji wote. Ngoja akuone na akuashirie kwa mkono ndipo upige, kwa sababu ngurumo ya injini haimruhusu kusikia ukelele wako wa kuonya.

Nije sasa kwenye utunzaji wa ardhi, ambako naomba nikae zaidi, kwa kuwa ndiko mchezaji wa peke yake anakoweza kuujenga uwanja au kuudhuru. Mpira unaodondoka kwenye grini kutoka juu huacha kishimo, na nyasi za pembeni mwa kishimo hicho husukumwa na kuinuka. Wachezaji wengi hukichoma kwa uma kutokea katikati na kuinua udongo wa chini ili ulingane na juu, wakidhani wamekitengeneza, kumbe wamekata mizizi, na baada ya siku chache patabaki doa la kahawia. Njia sahihi ni kuuchomeka uma nje ya ukingo wa kishimo, kuusukuma ukingo huo uelekee katikati, kisha kuzunguka na kurudia pande zote, kama mtu anayefunga mdomo wa gunia, na mwisho kupasawazisha kwa kugusa taratibu kwa uso wa fimbo ya grini au kwa unyayo. Ni kazi ya sekunde chache. Rekebisha kishimo chako, kisha tafuta kingine kilichoachwa na mtu na ukirekebishe pia. Mchezaji asiye na mwenzake ana muda huo, na grini ya uwanja wa kujitolea haina mtu mwingine atakayefika leo.

Kwenye feawei, yaani ule ukanda wa nyasi zilizokatwa unaotoka mahali pa kuanzia kwenda kwenye grini, suala ni lile pande la nyasi linalong'olewa na fimbo. Linalofaa kufanywa hutegemea aina ya nyasi. Nyasi za maeneo ya baridi hufaa kurudishwa mahali pake na kukanyagwa zishikamane na udongo, mradi pande limetoka zima likiwa na mizizi. Nyasi zinazotambaa za maeneo ya joto, kama zile za Bermuda, hujaza pengo zenyewe kutoka pembeni, na kinachozisaidia zaidi ni kujaza mchanga hadi usawa wa ardhi. Ulizia kamati inapendelea lipi, na ukiona ndoo ya mchanga na mbegu karibu na mahali pa kuanzia, fahamu kwamba imewekwa kwa ajili yako.

Baadhi ya viwanja vya maeneo makavu havina grini za nyasi kabisa. Grini huwa ni duara la mchanga, mara nyingi uliochanganywa na mafuta ili usipeperushwe na upepo. Hapo utakuta kifaa cha kulainishia, ama ubao mpana wenye mpini ama kipande cha zulia kilichofungwa kamba, na kwa kawaida kanuni ya uwanja hukuruhusu kulainisha njia kutoka mpira ulipo hadi kwenye shimo kabla ya kupiga. Ukimaliza, buruta kifaa hicho ukianzia penye shimo na kuzunguka kuelekea nje mpaka ukingoni, ili atakayefuata akute uso usio na nyayo. Mabanka, yaani yale mabonde ya mchanga yaliyowekwa kuwa vikwazo, yanahitaji adabu hiyohiyo: ingia kupitia upande ulio chini, toka kwa njia hiyohiyo, na piga reki hadi alama ya mwisho.

Kuna kishawishi kimoja kinachowapata karibu wote wanaocheza peke yao, nacho ni kupiga mipira miwili au mitatu kutoka mahali pamoja kwa kuwa hakuna anayesubiri. Ushauri wangu ni kutofanya hivyo bila ruhusa ya kamati. Mipira mitatu inayopigwa kwenye grini moja huacha vishimo vitatu na nyayo mara tatu, na uwanja wenye mashimo 9 tayari unakanyagwa mara mbili katika kila mzunguko kamili. Ukitaka ushindani, upo wa njia bora zaidi: cheza dhidi ya pari, yaani idadi ya mikwaju iliyokadiriwa kwa kila shimo. Andika alama ya kujumlisha kwa kila shimo ulilolimaliza kwa mikwaju pungufu ya pari, sifuri ukilingana nayo, na alama ya kutoa ukizidisha. Huu ni mchezo unaotambuliwa na sheria, na mpinzani wako hachoki wala hakosei hesabu. Anayeanza anaweza kupendelea mfumo wa Stableford, uliotumika katika mashindano kwa mara ya kwanza mwaka 1932 kwenye klabu ya Wallasey, Uingereza, ambapo pari ni pointi 2, mkwaju mmoja juu ya pari ni pointi 1, na anayefikia mikwaju miwili juu ya pari haongezi kitu, hivyo anaweza kuokota mpira wake na kuendelea na safari. Mifumo yote miwili humzuia mtu asikate tamaa ya mzunguko mzima kwa sababu ya shimo moja baya.

Kuhusu mifugo na uzio, sheria ni wazi kuliko watu wanavyodhani. Samadi huhesabiwa kama kitu kilicholegea, sawa na jani au jiwe, na unaweza kuiondoa bila adhabu ilimradi mpira usisogee. Ukisogea kwa sababu hiyo, nje ya grini kuna adhabu ya mkwaju mmoja na mpira hurudishwa ulipokuwa. Mnyama akiusogeza mpira uliokuwa umetulia, urudishe mahali pake bila adhabu, na ikiwa hupajui barabara, pakadirie. Mpira uliokuwa hewani ukimgonga kondoo kwa bahati mbaya, unachezwa pale uliposimama. Bila shaka kondoo asitumiwe kuwa sababu ya kupiga haraka, na kama kundi limesimama kwenye mstari wako, subiri liondoke. Mpira ukiingia kwenye shimo lililochimbwa na mnyama, unapata nafuu bila adhabu: tafuta sehemu ya karibu zaidi ambako shimo hilo la mnyama halikuzuii, isiyokuwa karibu zaidi na kibendera, na udondoshe mpira kutoka usawa wa goti ndani ya urefu wa fimbo moja.

Alama za kwato zina tofauti inayowachanganya wengi. Zikiwa juu ya grini, unaruhusiwa kuzirekebisha kabla ya kupiga. Zikiwa kwenye feawei, ni sehemu ya ardhi ya kawaida, na mpira uliotulia ndani yake unachezwa ulivyo, isipokuwa kanuni ya uwanja imetoa nafuu. Uzio unaozunguka grini nao ni kizuizi kisichohamishika: ukizuia mpira, mahali pa kusimama au mzunguko wa fimbo yako, unapata nafuu ileile ya bila adhabu, lakini kama uko tu kati yako na shimo, hupati kitu mpaka kanuni ya uwanja iseme vinginevyo. Viwanja vingine huruhusu mkwaju urudiwe iwapo mpira umegonga waya. Uzio wa mpaka wa uwanja ni habari nyingine kabisa, kwani huo hauleti nafuu. Na kila lango unalolifungua ulifunge nyuma yako, kwa maana kondoo mmoja akiingia kwenye grini baada ya mvua anaweza kuharibu katika saa moja kazi ya wiki kadhaa.

Mpira ukipotea, una dakika tatu za kuutafuta, tofauti na tano zilizokuwapo kabla ya mwaka 2019, na dakika tatu za mtu mmoja ni chache kwelikweli. Ndiyo maana nakushauri usigeuze macho baada ya mkwaju mbaya. Chagua kitu kisichohama kilicho kwenye mstari wa mpira, kichaka au nguzo, na utembee ukikielekea bila kupinda. Ukiwa na shaka, tangaza na upige mpira wa muda (wa pili, utakaotumika ikiwa wa kwanza haupatikani) hapohapo kabla ya kuondoka, hata kama hakuna wa kukusikia. Viwanja vingi vya burudani vimepitisha pia kanuni inayomruhusu aliyepoteza mpira kuudondosha mwingine karibu na ulipopotelea, kwa adhabu ya mikwaju miwili, badala ya kurudi nyuma. Angalia kama kanuni hiyo imo kwenye kadi ya matokeo.

Usalama wako una mambo machache yasiyoweza kupuuzwa. Mwambie mtu wa nyumbani saa unayotarajia kurudi, beba simu yenye chaji na ujue ni wapi uwanjani haipati mtandao, na chukua maji ya kutosha, kwani mashimo 18 ni mwendo wa kilomita nane hadi kumi. Nyoka wenye sumu na nyuki wamo ndani ya sheria: ukikuta hatari ya namna hiyo karibu na mpira, unapata nafuu bila adhabu, na mpira mmoja haustahili mkono kuingizwa kichakani. Radi ndiyo adui mkubwa zaidi. Sheria inakuruhusu kusimamisha mchezo mwenyewe unapoamini kwa sababu ya msingi kwamba kuna hatari yake. Hesabu sekunde kati ya mwako na ngurumo. Kila sekunde tatu ni karibu kilomita moja, na zikiwa chini ya 30, ondoka, ujikinge ndani ya jengo imara au gari lililofungwa, kamwe si chini ya mti uliosimama peke yake, na usirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Limebaki swali la handikapu. Mfumo wa Dunia wa Handikapu, ulioanza mwaka 2020, unataka matokeo yapatikane ukiwa pamoja na angalau mtu mmoja mwingine, kwa hiyo mzunguko wa peke yako hauwezi kuwasilishwa, hata uwe umehesabu kila mkwaju kwa uaminifu. Kuna sharti jingine ambalo wenye viwanja vya vijijini hulisahau: uwanja wenyewe lazima uwe umepimwa na kupewa kiwango cha ugumu kinachotambuliwa. Muulize katibu wa kamati kama upimaji huo umefanyika na bado ni halali. Ikiwa umefanyika, njia iko wazi, kwa sababu mtu huyo wa pili halazimiki kucheza. Kedi, yaani mbeba fimbo wako, anatosha, au rafiki atakayetembea nawe na kutia sahihi kwenye kadi yako. Mweleze kabla ya kuanza kwamba mzunguko huo ni wa kuwasilisha, umalize kila shimo hadi mpira uingie ndani, bila kujisamehe hata ile mikwaju ya mwisho iliyo fupi, na kama mnacheza mashimo 9 tu, kadi hiyo nayo inakubalika.